Muulize daktari wa usingizi: presha iko sawa, sasa wanapima nini tena kidoleni?

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja juu ya kitu kimoja, naona watu wameanza kukutana na hizi mashine za thieta na wodi za uangalizi zinazotoa namba ya damu inayosukumwa na moyo bila kumchoma mgonjwa sindano ya shingoni. Nimechukua tano, zilizofanana nimeziunganisha. Kama kawaida, mgonjwa wako sijamuona, kwahiyo nachoandika ni cha jumla, ya kwake muulize daktari anayemshika.

Shikamoo dokta. Mimi Mzanzibari naishi Leicester. Baba ana miaka 71, ametolewa kipande cha utumbo mpana. Jioni tulipoenda kumuona tukakuta amevishwa vitu viwili vidoleni vinabana na kuachia, na kwenye monita kuna namba haitulii, mara 4.1, mara 4.6, mara 3.8. Nesi anasema presha ya mzee ni nzuri kabisa. Kaka yangu yuko Unguja anasema wanamfanyia majaribio. Ni kweli? Na kama presha nzuri hiyo namba nyingine ya nini?

Marahaba mwanangu, mzee apone haraka. Mwambie kaka yako atulie, hapo hakuna majaribio. Uingereza wako kwenye mambo haya muda mrefu, mwaka 2011 kile chombo chao cha kushauri matibabu, NICE, kilishapendekeza kifaa cha Doppler, yaani cha mawimbi ya sauti, kinachopitishwa kwenye umio ili kufuatilia damu inayopita kwenye mshipa mkuu wakati wa upasuaji mkubwa. Hicho cha kidoleni ni ndugu wa hicho, ila chenyewe hakiingii mwilini kabisa.

Hiyo namba ni lita za damu ambazo moyo unasukuma kwa dakika moja. Fikiria daladala, idadi ya trip zidisha kwa abiria wa kila trip ndo unapata watu waliofika mjini. Moyo nao ukipiga mara 70 kwa dakika na kila pigo likatoa mililita 70, unapata kama lita 4.9. Mtu mzima aliyepumzika anakaa kati ya lita 4 na 8, kutegemea na mwili wake. Sasa unaweza kuwa na moyo unakimbia trip 130 kwa dakika halafu kila trip abiria wachache, watu wakaona mapigo yapo wakaridhika, kumbe mjini hawafiki.

Presha je? Presha inatokana na vitu viwili, damu inayotoka kwenye moyo na jinsi mishipa ilivyobana. Ukipoteza damu mwili unabana mishipa ya ngozi, ya utumbo, ya figo, ili presha ya kwenda kwenye ubongo na moyo isishuke, na mtu mwenye afya anaweza kupoteza kati ya asilimia 15 na 30 ya damu yake, yaani mpaka lita moja na nusu hivi, na presha ya juu bado inasomeka kawaida. Figo hapo zina njaa tayari. Kwa mtu aliyeunganishwa utumbo ni jambo kubwa, maana ile sehemu iliyoshonwa inahitaji damu ili ishike.

Kidoleni inakuwaje? Ndani ya kile kimkanda kuna taa inayoona kiasi cha damu kwenye mshipa wa kidole. Kila moyo unapopiga mshipa unataka kutanuka, na kimkanda kinajaa upepo haraka haraka kuuzuia usitanuke, halafu kinaachia, mamia ya mara kwa sekunde. Kwahiyo upepo wa kimkanda unafuatana na presha ya mshipa muda wote, na mashine inachora wimbi la kila pigo. Ujanja huu ulitoka kwa Jan Peňáz, mtaalamu wa fiziolojia wa Brno, nchi ya Wacheki, aliutoa 1973, na Waholanzi ndo wakaukuza mpaka ukawa mashine ya hospitali. Kutoka kwenye umbo la wimbi, ukiongeza umri, jinsia, urefu na uzito, programu inakadiria mililita za kila pigo. Wameweka vidole viwili ili vipokezane, kimoja kikichoka kingine kinashika, maana kidole kinachobanwa masaa mengi kinauma.

Neno la kushika hapo ni "inakadiria". Tangu 1999 wataalamu wamekubaliana kwamba kifaa kipya kikitofautiana na kipimo cha zamani kwa zaidi ya asilimia 30 hakitoshi kuchukua nafasi yake. Mwaka 2017 waliunganisha tafiti za vifaa visivyochoma na tofauti ikaja karibu asilimia 47. Umeona? Kwahiyo 4.1 na 3.8 za mzee ni kitu kilekile, wala usihangaike nazo. Wanaangalia mwelekeo. Ikitoka 4.6 ikaporomoka mpaka 3 ndani ya nusu saa na hakuna aliyembadilishia dawa, hapo watu wasogee kitandani, waangalie kama anavuja damu, kama amekaukiwa maji, kama moyo wenyewe umechoka.

Utauliza kwanini wasitumie kipimo cha uhakika basi. Kipo, ule mpira wa madaktari Swan na Ganz wa Los Angeles, waliutangaza 1970, una kiputo mbele na unasafiri na damu kupitia moyo mpaka mshipa wa mapafu. Miaka mingi ulikuwa ndo mfalme wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Halafu 2003 ikatoka tafiti ya Kanada ya wagonjwa 1,994 wa upasuaji wenye hatari kubwa, nusu wakawekewa nusu hawakuwekewa, na vifo vikawa vilevile. Mpira unaoingia kwenye moyo una hatari zake, kuchafua mapigo, maambukizi, mara chache kupasua mshipa, sasa kama hauokoi watu zaidi kwanini umtie kila mtu? Bado tunautumia, mfano kwenye upasuaji wa moyo na kwa mapafu yenye presha kubwa, ila kwa mzee wa utumbo hapana.

Habari za kazi daktari. Mimi mtaalamu wa usingizi hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Tuna monita ya presha ya kujipima na oksijeni ya kidoleni, basi. Juzi ameletwa dada, mimba imetunga nje. Presha 112/84, mapigo 128. Mpasuaji akasema presha ipo, hana haraka, akamaliza kesi nyingine kwanza. Tulipofungua tumbo limejaa damu. Alipona, Mungu ni mwema. Je tungekuwa na hiyo mashine ingetuambia? Na sisi tusio nayo tufanyeje?

Kazi nzuri mdogo wangu, na hongereni kwa kumtoa salama. Nitakwambia ukweli, mashine mlikuwa nayo, ile ile ya presha, na ilikuwa inasema kwa sauti. Angalia hizo namba zako tena. Chukua 112 toa 84, unabaki na 28. Kwa kawaida tofauti ya presha ya juu na ya chini ni kama 40, ikishuka mpaka 28 kwa binti mdogo ujue kila pigo linatoa kidogo na mishipa imebana sana, ndo maana ya chini imepanda mpaka 84. Halafu gawa mapigo kwa presha ya juu, 128 kwa 112, unapata 1.14. Kwa kina mama ikifika 0.9 tunashtuka. Huyo hakuwa na presha nzuri, alikuwa na presha ya kukopa.

Hilo la kumaliza kesi nyingine kwanza nalipita tu, mnajuana wenyewe, ila siku nyingine mwandikie mpasuaji hiyo hesabu kwenye karatasi umwekee mezani. Hesabu hazigombani na bosi.

Na kumbuka kinachotokea ukimlaza. Dawa nyingi za usingizi zinaachia mishipa, kwahiyo ile presha ya kukopa inadaiwa yote dakika ileile, mgonjwa aliyekuwa 112 anakwenda 60 mbele yako. Ndo sababu kwa hawa tunashika ketamini, dawa ya usingizi isiyoangusha presha sana, na tena kwa dozi ndogo kuliko kawaida, mpasuaji ameshanawa, tumbo limeshapakwa dawa, damu iko chumbani, sindano kubwa mbili kwenye mikono, ndo unamlaza. Kwa kesi ya namna hii mashine ya kupima moyo ingewachelewesha tu, kinachotakiwa ni kufungua na kubana panapovuja.

Sasa kwa wale wasio na haraka ya namna hiyo, mfano mzee wa tezi dume au mama wa kizazi ambaye presha yake inasuasua na hujui umpe dripu au usimpe. Una vitu vingi kuliko unavyodhani.

Cha kwanza ukipata nafasi ya kuomba kifaa kimoja, omba cha kupima kaboni dioksaidi ya pumzi. Watu wanadhani ni cha kuhakikisha mpira umeingia kwenye koo la hewa tu, kweli hiyo ndo kazi yake kubwa na inaokoa maisha, ila kina kazi ya pili. Hiyo gesi inaletwa kwenye mapafu na damu. Kama mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia, hujabadilisha chochote, na namba ikatoka 36 ikashuka ghafla mpaka 22, damu haifiki kwenye mapafu. Aidha anavuja, aidha kuna bonge la damu limeziba, aidha moyo unasimama. Angalia mpira haujachomoka, halafu anza kutafuta. Namba hiyo inaonyesha kabla kitambaa cha presha hakijamaliza hata mzunguko wake wa dakika tano.

Cha pili ni kidole chako. Bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa mpaka iwe nyeupe, shikilia sekunde kumi, achia, hesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi. Zaidi ya 3 siyo nzuri. Msidharau, 2019 kuna tafiti kubwa ilichapishwa ya wagonjwa wa maambukizi makali waliozidiwa, kundi moja likatibiwa kwa kufuata kipimo cha maabara cha laktati, asidi inayopanda kwenye damu mwili ukikosa damu ya kutosha, lingine kwa kubonyeza kidole hivi hivi, na kundi la kidole halikufanya vibaya kuliko la maabara. Thieta ikiwa na baridi kali namba inadanganya kidogo, kwahiyo usihukumu kwa hiyo peke yake.

Cha tatu, miguu. Mgonjwa yuko wodini amekaa nusu wima, shusha kitanda kichwa kilale bapa na miguu ipande nyuzi 45. Hapo umemrudishia kwenye moyo kama mililita 300 za damu yake mwenyewe, na ukimrudisha alivyokuwa zinarudi miguuni, hujamtwisha mzigo wa maji. Angalia ndani ya dakika moja. Kwa vitabu unatakiwa uone damu ya moyo imepanda asilimia 10 hivi na hapo ndo ile mashine ya kidoleni ina faida kweli, ila huna, basi tazama ile tofauti ya presha ya juu na ya chini kama imetanuka, na namba ya gesi ya pumzi kama unayo na mgonjwa yuko kwenye mashine. Ikitanuka anahitaji maji. Isipotanuka siyo uthibitisho kwamba hahitaji, lakini usimwagie lita mbili kwa mazoea. Akiwa na tumbo wazi thieta huwezi kucheza na miguu, mpe mililita 250 kwa dakika kumi uone anajibu vipi, halafu amua tena. Na mkojo, nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, japo mkojo unachelewa kutoa habari.

Maji yenyewe yana pande mbili. Zamani tulikuwa tunajaza, watu wanatoka thieta wamevimba macho, mapafu yamelowa. Ikaja fasheni ya kubana. Halafu 2018 tafiti ya watu 3,000 wa upasuaji mkubwa wa tumbo ikaonyesha waliobaniwa maji figo ziliumia kwa asilimia 8.6, na waliopewa kwa ukarimu kiasi asilimia 5.0. Kwahiyo huwezi kuwa na sheria moja ya kila mtu, lazima umsome aliye mbele yako.

Na kitu ambacho mimi kinaninyima usingizi kuliko mashine zote. Mwaka 2018 ilitoka tafiti ya upasuaji Afrika, nchi 25, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa wetu ni vijana kuliko wa Ulaya, operesheni nyingi ndogo kuliko zao, na bado vifo vyetu vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Na kama 94 kati ya kila 100 waliofariki, walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Yaani thieta wametoka wazima. Wamefia wodini, usiku, nesi mmoja na vitanda thelathini, presha imeandikwa saa kumi na mbili jioni na inayofuata saa kumi na mbili asubuhi. Ukiniletea pesa ya mashine moja ya kisasa ya moyo nitakuomba uniajirie nesi wa usiku.

Habari daktari, kutoka Nakuru. Niko kwenye kamati ya hospitali yetu, siyo daktari. Amekuja muuzaji na mashine ya kupima kazi ya moyo bila kuchoma, anasema kila mgonjwa wa thieta akipimwa na hii shida zitapungua sana. Bei iko juu lakini anatupa ofa. Tuchukue?

Asante kwa kuuliza kabla ya kusaini, wengi huuliza baadaye. Mwambie akuonyeshe hizo "shida zitapungua sana" ziko wapi. Uingereza walifanya tafiti kwenye hospitali 17, ikatoka 2014, wagonjwa 734, matibabu ya kuongozwa na kipimo cha moyo. Waliopata matatizo walikuwa asilimia 36.6, na wale wa kawaida 43.4. Inaonekana kuna unafuu, ila kitakwimu haikufika, inaweza kuwa bahati. Wakarudia kwa ukubwa, karibu wagonjwa 2,500, majibu yakatoka 2024, na maambukizi baada ya upasuaji hayakupungua. Huo ndo ukweli ulipo leo, na mimi binafsi nadhani sababu moja ni kwamba huduma ya kawaida ya kule imeshakuwa nzuri, daktari wa usingizi yupo muda wote na mgonjwa, mashine inakuta kazi imeshafanyika.

Kabla ya ofa muulize huyo bwana maswali ya duka. Kimkanda cha kidole au stika za kifua, kinatumika kwa mgonjwa mmoja tu au wangapi? Kinauzwa bei gani, na kikiisha Desemba nitakipata Nakuru au mpaka kitoke ng'ambo? Nani atatengeneza ikiharibika? Nani atafundisha watu, na wakihama? Maana nimeona mashine nyingi nzuri zimefunikwa shuka kwenye kona ya thieta kwa sababu kimkanda kiliisha, hazina shida yoyote.

Halafu zunguka thieta yenu mwenyewe. Je kila kitanda cha thieta na cha kuamkia kina oksijeni ya kidoleni inayofanya kazi? Mashine ya gesi ya pumzi ipo? Benki ya damu ina damu usiku? Kama jibu ni hapana hata kwa moja, pesa iende huko. Kama yote ni ndiyo na mnafanya operesheni kubwa za wazee na wagonjwa wa moyo, na daktari wenu wa usingizi mwenyewe ndiye anayeiomba, hapo ongeeni bei.

Assalaam alaykum daktari. Mamangu yuwaenda kufanyiwa nyonga hapa Mombasa, ana sukari na moyo wake wapiga ovyo ovyo, anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Jamaa yetu Muscat aliwekwa stika nne kifuani wakapima moyo kwa umeme. Mama asikia umeme aogopa. Yafaa kwake?

Waalaykum salaam. Mpe mama salamu, mwambie huo umeme ni mdogo mno, hausikii hata kidogo. Wazo ni la zamani, miaka ya 1960 watafiti wa Minnesota walilitengeneza kwa ajili ya wanaanga wa NASA. Damu inapitisha umeme vizuri kuliko hewa na mafuta, kwahiyo kila moyo ukitoa damu kwenye mshipa mkuu wa kifua, upitaji wa ule umeme unabadilika kidogo, na mashine inasoma badiliko hilo. Za siku hizi zinasoma kuchelewa kwa wimbi badala ya ukubwa wake, zimekuwa bora, ingawa kile kisu cha umeme cha mpasuaji bado kinaweza kuzivuruga, na mapafu yenye maji pia.

Kwa mama tatizo ni hayo mapigo. Kuna hesabu moja mashine hizi hutoa, ya jinsi mapigo yanavyopishana ukubwa pumzi inapoingia na kutoka, ikizidi asilimia 12 au 13 tunasema mgonjwa atafaidika na maji. Hesabu hiyo inataka mapigo yenye mpangilio na mgonjwa awe kwenye mashine ya kupumulia. Mapigo ya mama yanapishana yenyewe muda wote, kwahiyo namba itasema maji maji maji na itakuwa uongo. Na wagonjwa wengi wa nyonga wanachomwa ganzi ya mgongo, wanapumua wenyewe. Cha kidoleni nacho kwa mwenye sukari ya miaka mingi na vidole vya baridi kinaweza kushindwa kabisa kusoma. Huenda daktari akaona bora amwekee sindano ndogo ya presha kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, akikwambia hivyo usikatae kwa sababu Muscat walitumia stika.

Kikubwa kwenu ni zile dawa za kuzuia damu kuganda. Ganzi ya mgongo haichomwi mtu akiwa nazo mwilini. Nenda nazo kliniki ya usingizi na pakiti zake, uliza zisimamishwe lini na zirudishwe lini, wala msisimamishe wenyewe nyumbani. Na kama ana kipimo cha ultrasaundi ya moyo cha karibuni, kibebe.

Dokta, saa yangu janja inapima mapigo, oksijeni na presha. Nikienda operesheni si niivae tu inisaidie?

Inahesabu trip, abiria haiwajui. Mapigo inasoma vizuri ukiwa umetulia, presha ya saa nyingi ni makisio ambayo hakuna daktari atakayekupa dawa kwa ajili yake, na damu inayotoka kwenye moyo haipimi. Thieta utaivua pamoja na pete na hereni kwa sababu ya kisu cha umeme, kwahiyo mwachie shemeji abaki nayo, na namba ya siri umpe au usimpe hiyo ni yenu.